Noti saba na pumzi ya mzee: mapitio ya albamu ya Promises

Albamu ya Promises inaanza kwa noti saba. Zinapigwa kwa upole kwenye vinanda vya aina kadhaa vilivyochanganywa, hapsikodi, selesta na piano, zikidondoka moja baada ya nyingine kisha kuachwa zififie zenyewe, na baada ya kimya kifupi zinarudi vilevile, na kurudi tena, na zitaendelea kurudi kwa sehemu kubwa ya dakika 46 za albamu nzima. Msikilizaji aliyezoea wimbo wenye beti na kiitikio atasubiri ngoma iingie, au gitaa la besi, au mwimbaji, na hakuna hata kimoja kitakachokuja. Kinachokuja ni saksofoni ya mzee mmoja, ambayo inaingia bila haraka, inasema neno moja au mawili, inanyamaza na kuziacha zile noti saba zipite mbele yake, halafu inasema tena.

Mzee huyo ni Pharoah Sanders, aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1940 katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, Marekani. Aliporekodi sehemu yake mjini Los Angeles mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 78, na ilikuwa imepita karibu miongo miwili tangu atoe albamu kubwa mpya kwa jina lake. Muziki wenyewe ulitungwa na Sam Shepherd, Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1986, anayejulikana zaidi kwa jina la Floating Points, mtu mwenye shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva aliyejipatia sifa kwa muziki wa kielektroniki wa kumbi za dansi. Sanders alikuwa ameisikia albamu ya Shepherd ya mwaka 2015, Elaenia, akaipenda, na kutokana na kupenda huko wakakutana. Mwaka 2020 wapiga ala za nyuzi wa London Symphony Orchestra waliongeza sehemu yao mjini London, na kampuni ndogo ya Luaka Bop ya New York ikaitoa kazi nzima tarehe 26 Machi 2021, wakati Sanders ameshatimiza miaka 80.

Kwetu Afrika Mashariki neno jazi lina historia yake, na ni vizuri kuitaja kabla ya kuendelea. Aliyekulia katika nyimbo za Morogoro Jazz, Western Jazz au Nuta Jazz anajua kuwa jazi ni bendi ya dansi, ni magitaa yanayojibizana na tarumbeta zinazoita watu uwanjani. Jazi ya Sanders inatoka katika ukoo mwingine. Mwaka 1965 alijiunga na kundi la John Coltrane, mpiga saksofoni mashuhuri wa jazi, akiwa kijana aliyefika New York bila kitu na aliyepata kukosa hata mahali pa kulala, na katika albamu kama Ascension na Meditations sauti ya saksofoni yake, ile kubwa inayoitwa tenori, ilikuwa ukelele. Alikuwa akipuliza noti mbili au tatu kwa mkupuo mmoja, akikwaruza, akilia, akiunguruma, mpaka baadhi ya wasikilizaji wakaona amevuka mpaka wa muziki na wengine wakaona amefika mahali ambapo muziki ulikuwa ukielekea siku zote.

Coltrane alipofariki mwaka 1967, Sanders aliendelea na safari hiyo kwa namna yake, na majina ya albamu zake za miaka hiyo yatamgusa msomaji wa Kiswahili, hasa wa pwani. Moja inaitwa Tauhid, yaani imani ya Mungu mmoja. Nyingine, ya mwaka 1970, inaitwa Summun Bukmun Umyun, maneno ambayo mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani atayatambua mara moja kuwa yanatoka katika Suratul Baqara: viziwi, mabubu, vipofu. Ule ulikuwa wakati ambapo wanamuziki wengi weusi wa Marekani walikuwa wakitafuta makao ya kiroho nje ya nchi iliyowabana, wengine katika Uislamu, wengine India, wengine Afrika, na wengine katika lugha yetu hii, kama mpiga piano Herbie Hancock aliyeiita albamu yake ya 1971 Mwandishi. Sanders alichukua kutoka kote huko. Katika Karma ya mwaka 1969, ambayo ndiyo iliyomjengea jina, kipande kimoja kinaenda zaidi ya nusu saa kikizunguka juu ya mdundo mmoja wa besi, kutoka sala tulivu hadi vurugu kamili na kurudi kwenye sala.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila ya kuyajua, mtu hawezi kusikia kinachofanyika katika Promises. Anayemjua Sanders wa mwaka 1966 anaikaribia albamu hii akingojea ukelele, na kila noti laini anayoipokea inabeba ndani yake ukelele uliozuiwa. Hapa ndipo ninapoona uzito wa albamu ulipo. Mtu mwenye uwezo wa kupasua paa la nyumba ameingia chumbani, ameketi, na amechagua kuzungumza kwa sauti ya chini, lakini chumba kizima kinajua nguvu anayoizuia.

Maikrofoni zimewekwa karibu naye sana. Unasikia pumzi ikiingia kabla ya sauti, unasikia vidole vikigusa vitufe vya ala, na mwisho wa baadhi ya virai unasikia hewa tupu inayotoka wakati sauti imeshakatika. Mhandisi mwingine angeyasafisha mambo hayo yote. Shepherd ameyaacha, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi bora kuliko yote aliyoufanya, kwa sababu unatuambia bila maneno kwamba sauti hii inatoka katika kifua cha mzee, na kwamba kila kirai kina gharama yake. Nilipokuwa nikiisikiliza nilikumbuka mpiga nzumari katika ngoma za pwani, anayejaza mashavu na kupitisha hewa bila kukatiza, ambaye watazamaji humhesabia ushindi kwa kutoonyesha pahali anapovutia pumzi. Sanders aliwahi kuwa na kifua cha namna hiyo. Katika albamu hii anafanya kinyume chake: anaionyesha pumzi waziwazi, na pale inapoishia ndipo sentensi inapoishia.

Kuhusu zile noti saba, wapo waliozichoka. Rafiki yangu mmoja anayependa jazi kuliko mimi aliniambia kuwa alizima baada ya dakika 10 kwa sababu alihisi anasubiri kitu kisichofika. Ninamwelewa, lakini nadhani alikuwa akisikiliza kwa kipimo cha wimbo, na kipimo kinachofaa hapa kiko karibu zaidi na kile cha dhikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia. Aliyewahi kukaa katika halaka, yaani duara la dhikri, ya tarika ya Kisufi ya Kadiria anajua kuwa tamko linalorudiwa halisogei hata kidogo. Anayesogea ni mwenye kulitamka, na mara ya mia si sawa na mara ya kwanza ingawa maneno hayakubadilika. Noti za Shepherd zinafanya kazi hiyohiyo. Hazina haja ya kukua, kwa kuwa wajibu wao ni kubaki pale pale ili tuweze kupima umbali ambao saksofoni imeenda. Naamini Sanders alilielewa jambo hili haraka kuliko mwanamuziki mwingine yeyote angeweza kulielewa, kwani alishalifanyia kazi tangu Karma, na mwaka 1994 alitoa albamu iliyorekodiwa Essaouira, Moroko, pamoja na bingwa wa muziki wa Gnawa, Mahmoud Guinia, ambako marudio ndiyo njia yenyewe ya kuita roho na kuziponya.

Albamu imegawanywa katika sehemu tisa ambazo hazina majina, zina nambari tu. Sehemu tatu za kwanza zinapita kama mazungumzo ya watu wawili wanaozoeana, na ala za nyuzi zinajitokeza kwa mbali sana, kama mtu aliyesimama mlangoni asiyetaka kukatiza maongezi. Kisha inakuja sehemu ya 4, ambayo ndiyo moyo wa kazi hii. Sanders anaiweka saksofoni kando na kutumia kinywa chake. Haimbi maneno; anaguna, anabwabwaja taratibu, anacheza na ulimi na midomo kama babu anayembembeleza mjukuu ambaye bado hajajua lugha, na huku noti saba zikiendelea nyuma yake. Nimeisikiliza sehemu hii mara nyingi na bado sijui kwa nini inanitoa machozi. Labda ni kwa sababu ukelele wa mwaka 1965 na mguno huu wa 2019 vinatoka mahali pamoja, yaani pale ambapo mtu ana jambo la kusema lisilotoshea katika noti zilizoandikwa, na miaka zaidi ya 50 iliyopita kati yao imebadilisha kiwango cha sauti tu.

Sehemu ya 6 imewagawa watu, na mimi niko upande wa wenye mashaka. Hapa ndipo okestra inapopewa uwanja. Ala za nyuzi zinaanza chini, zinapanda kwa mawimbi, na kufikia kilele kikubwa kinachojaza masikio yote mawili. Ni upangaji wa ustadi, na wapigaji wa London wanacheza kwa usafi usio na doa. Hata hivyo, kwa dakika kadhaa nilijihisi nimehamishwa kutoka chumba kile cha watu wawili na kupelekwa katika ukumbi wa sinema, mahali ambapo muziki unanielekeza nihisi nini na lini. Saksofoni ilikuwa imeniachia uhuru; okestra inaushika mkono wangu na kuuvuta. Wahakiki wengi wameitaja sehemu hii kuwa kilele cha albamu, na sina budi kukiri kuwa unapoisikiliza kwa sauti kubwa inatetemesha mwili. Ila nilimkosa mzee.

Anarudi katika sehemu ya 7, na ni kama vile aliusikia wito. Shepherd anaachia sauti za kielektroniki zinazozunguka na kumeta pembeni, na Sanders anapanda juu yake kwa ukali ambao hatujausikia tangu mwanzo wa albamu: noti zinakwaruzwa, zinapasuka kidogo ukingoni, na kwa muda mfupi yule kijana wa Coltrane anachungulia dirishani. Hakai. Lakini ile dakika anayochungulia inatosha kuthibitisha kuwa utulivu wa sehemu zilizotangulia ulikuwa hiari, na kwa hiyo unazipa sehemu hizo maana mpya mtu anapozirudia. Sehemu ya 8 ni ya ogani na giza, na inaishia katika kimya kirefu. Sehemu ya 9 ni ya nyuzi peke yake, fupi, yenye sauti zinazogongana, na Sanders hayumo. Hii ndiyo lawama yangu kubwa ya pili kwa albamu hii. Mtunzi ana haki ya kufunga kazi yake atakavyo, lakini kuacha neno la mwisho kwa okestra, baada ya kutuzoesha kwa zaidi ya nusu saa kuitegemea sauti ya binadamu mmoja, kunaacha hisia ya mlango uliofungwa na mtu mwingine, asiye mwenye nyumba.

Kwa hiyo nyumba ni ya nani? Swali hili liliulizwa tangu albamu ilipotoka, na ni la haki. Jina la Floating Points limetangulia juu ya jalada, muziki ni wa Shepherd, na kwa hesabu ya dakika Sanders anapuliza kidogo kuliko katika albamu yoyote ya ujana wake. Yupo anayeweza kusema kuwa mzee alialikwa ili kuipa heshima kazi ya kijana. Mimi sioni hivyo. Ukiondoa okestra katika Promises, unabaki na albamu ndogo zaidi, pengine bora zaidi. Ukiondoa sauti za kielektroniki, unapoteza rangi. Ukimwondoa Sanders, kinachobaki ni noti saba zinazosubiri mtu. Shepherd anastahili sifa kwa kulijua hilo na kuandika muziki wenye nafasi wazi nyingi kiasi hicho, jambo ambalo watunzi wa umri wake mara nyingi hawalithubutu, kwa kuwa kimya katika kazi ya kijana huweza kudhaniwa kuwa ni upungufu wa mawazo.

Mapokezi yalikuwa makubwa kuliko ilivyo kawaida kwa albamu ya namna hii. Pitchfork iliipa alama 9.0 kati ya 10, alama ambayo jarida hilo huitoa kwa nadra. Nchini Uingereza iliingia katika chati ya albamu na kufika nafasi ya 6, mahali ambapo jazi isiyo na maneno wala mdundo wa ngoma haionekani, na mwaka huohuo wa 2021 iliteuliwa miongoni mwa kazi zilizoshindania Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka, ambayo hatimaye ilikwenda kwa mwimbaji Arlo Parks. Mwaka ulipofungwa ilikuwamo katika orodha nyingi za albamu bora, zikiwemo za wahakiki ambao kwa kawaida huandika juu ya roki au muziki wa kielektroniki. Wakati wa kutoka kwake ulichangia pia. Dunia ilikuwa katika mwaka wa pili wa korona, watu wamefungiwa majumbani, wengi wamefiwa na wasiweze hata kuzika kwa desturi zao, na albamu iliyosema kidogo na kwa upole ilikuta masikio yaliyokuwa yakiitafuta.

Kutokana na hali hiyo, hata hivyo, kulizaliwa namna ya kuisifu ambayo naiona inaipunguza. Iliitwa muziki wa kutuliza, muziki wa kutafakari, muziki wa kulalia, na ukiingia katika majukwaa ya kusikilizia muziki utaikuta imepangwa pamoja na sauti za mvua na mawimbi. Sina ugomvi na mtu anayelala nayo. Ninachopinga ni kuusoma utulivu wake kama raha isiyo na gharama. Sanders alikulia Arkansas katika miaka ya ubaguzi wa rangi uliowekwa na sheria, akala shida New York, akamzika Coltrane, akaishi miaka mingi ambayo kampuni kubwa za kurekodi hazikuwa na habari naye, na Marekani ilimpa heshima rasmi ya gwiji wa jazi, ile inayotolewa na mfuko wa taifa wa sanaa, mwaka 2016 tu, akiwa amekaribia miaka 76. Mtu aliyepita humo anapocheza noti moja ndefu bila kuitikisa, ule si usingizi. Ni amri anayoitoa juu ya nafsi yake mwenyewe, na kuisikia kama kitu cha kupambia chumba ni kuikosa.

Alifariki Los Angeles tarehe 24 Septemba 2022, akiwa na miaka 81, na tangu siku hiyo Promises imekuwa ikisikilizwa kama kuaga. Ni vigumu kujizuia. Hata hivyo tukumbuke kwamba alipoingia studio alibakiwa na miaka mitatu ya kuishi, na hakuna kitu katika upigaji wake kinachoashiria mtu anayefunga mizigo. Ninachokisikia ni udadisi, mtu wa miaka 78 anayekutana na ala ambazo hazikuwapo alipoanza kazi na anayezipima kwa sikio kabla ya kuzijibu.

Jalada nalo lina neno la kusemwa. Limetumia mchoro wa Julie Mehretu, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Addis Ababa, ambaye kazi zake hujaza turubai kwa tabaka juu ya tabaka za mistari na alama, mpaka jicho linashindwa kujua lipi limetangulia. Kwa muziki uliojengwa kwa tabaka kama huu, uchaguzi huo umefanywa na mtu aliyesikiliza kwa makini.

Kwa anayetaka kuinunua au kuisikiliza kwa mara ya kwanza, nina ushauri unaotokana na kosa langu. Mara ya kwanza niliisikiliza kwa spika ya simu, nikiwa safarini ndani ya basi, na sikusikia zaidi ya vinanda vinavyojirudia. Ala za nyuzi zilipotea kabisa chini ya mngurumo wa injini, kwa sababu albamu hii ina umbali mkubwa sana kati ya sauti yake ya chini na ya juu. Niliiacha kwa miezi kadhaa. Nilipoirudia ilikuwa usiku, nyumbani, kwa visikizi vizuri, na ilikuwa kama kazi nyingine kabisa. Anayeweza kupata santuri na aipate, lakini faili nzuri na visikizi vya kufunika masikio vinatosha. Sehemu zote tisa zimeunganishwa bila pengo, kwa hiyo hakikisha programu unayoitumia haikatizi katikati kwa tangazo na haichanganyi mpangilio, na usikubali kuonjeshwa sehemu moja moja.

Naiweka juu ya kazi zote za uzeeni mwa mwanajazi nilizozisikia katika miaka 10 hii, pamoja na okestra yake iliyozidi na mwisho wake usio na mwenyewe. Asiyemjua Sanders kabisa aisikilize mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aitafute Karma na asikilize jinsi mtu huyuhuyu alivyopuliza akiwa hajafika miaka 30. Baada ya hapo arudi kwenye Promises, na safari hii, itakapofika sehemu ya 4 na saksofoni ikawekwa chini, aongeze sauti.